Meno ya Njoro na tangi la Mama

Mama Mshauri,

Nakusalimu kutoka Kisumu. Nina miaka 29, mzaliwa wa Njoro, kaunti ya Nakuru, na ninafanya kazi ya mapokezi katika gesti moja hapa mjini. Nimesoma majibu yako kwa wengine miaka mingi, kila mara nikisema siku moja nami nitaandika, kisha naahirisha. Safari hii siwezi kuahirisha maana pesa zinaingia Novemba.

Nina meno ya kahawia. Kama umewahi kukaa upande wa Nakuru utajua ninachosema. Yale mawili makubwa ya mbele, juu, yana michirizi ya rangi ya chai iliyokolea, moja limemeguka pembeni, na ya kando yana madoa meupe kama chokaa. Nyumbani hakuna aliyenishangaa kwa sababu darasa zima tulikuwa hivyo. Maswali yalianza nilipokuja huku. Mgeni mmoja aliniuliza nikiwa natafuta ufunguo wa chumba chake, "Madam, wewe huvuta sigara ngapi kwa siku?" Sijawahi kuvuta hata moja. Mwingine alimwendea meneja akamwambia yule msichana wa mapokezi awe anapiga mswaki. Mama, mimi hupiga mswaki hadi fizi zikatoka damu. Nimetumia makaa, nimetumia jivu, nimetumia limau na chumvi. Siku hizi nikicheka mkono unapanda wenyewe mdomoni, hata sijui umepanda saa ngapi.

Agosti nilijikaza nikaenda kwa daktari wa meno. Akaniambia anaweza kuyafanyia bondingi meno sita ya juu, yaani anapaka kitu kama udongo laini wenye rangi ya jino, anakimulika kwa taa ya buluu kigande, halafu anakisugua mpaka king'ae. Shilingi 9,000 kwa jino, jumla 54,000. Akachukua kipande cha ule udongo akakibandika kwenye jino moja bila kukigandisha, akanipa kioo. Nilijiangalia hadi akaniomba kioo chake.

Shida iko hapa. Chama chetu tuko watu 12, kila mmoja hutoa 5,000 kwa mwezi, na Novemba ni zamu yangu: 60,000. Lakini pesa hizo nilishamwahidi mama yangu tangi la maji ya mvua. Nina binti wa miaka mitatu niliyempata kabla sijakutana na mchumba wangu. Nilikuwa naye hapa Kisumu, lakini nilipopewa zamu za usiku, miezi minane iliyopita, nikampeleka Njoro kwa mama. Anakunywa maji ya kisima kile kile nilichokunywa mimi. Siku ya kumwacha niliapa mbele ya mama kwamba mtoto wangu hatakuwa na meno kama yangu, zamu ya chama ikifika nitanunua tangi la lita 5,000 na gata za nyumba nzima. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Akanyamaza, halafu akasema, "Maji hayo ndiyo yaliyokulea." Hakuongeza neno. Juzi amenipigia kuuliza fundi wa msingi wa tangi aje lini.

Na harusi ni Desemba. Mchumba wangu ni mtu wa Seme, fundi wa friji, mpole. Hajui lolote kuhusu bondingi. Nilipanga nifanye kimya kimya kisha nimwambie nilisafishwa tu. Julai tulipiga picha za kadi ya mwaliko. Mpiga picha akaniambia mbele yake, "Dada, hayo meno usijali, nitayang'arisha kwa kompyuta." Mchumba wangu akasema, "Wacha hivyo hivyo." Basi. Tukapanda boda tukarudi. Tangu siku hiyo najiuliza alimaanisha nini. Alinihurumia? Aliona aibu, akataka mazungumzo yaishe? Au hajali nitakavyoonekana? Sijamwuliza.

Mfanyakazi mwenzangu ananicheka, anasema nisijisumbue na madaktari, kuna kijana katika saluni fulani hubandika meno yote sita kwa 12,000 na mtu hutoka mweupe pe. Kwa hesabu hiyo ningebaki na pesa za tangi. Lakini naogopa. Silali, Mama. Nikitengeneza meno ni kama namwibia mtoto wangu. Nikinunua tangi, nitaolewa nimefumba mdomo, na picha hizo zitakaa ukutani maisha yangu yote.

Kuna kitu kimoja kidogo, pengine hakihusiani. Jumapili iliyopita tulikuwa kwenye simu ya video. Paka alipita akamfurahisha binti yangu, akacheka, akaweka kiganja mdomoni. Mama akasema, "Ona anavyokuiga." Meno yake bado ni meupe.

Nishauri.

Mwenye mkono mdomoni, Kisumu

*

Mwanangu,

Kabla ya lolote, weka limau chini. Na makaa, na jivu. Asidi ya limau hulainisha enameli, ile ngozi ngumu ya jino, na makaa yakifuata huikwaruza ikiwa laini hivyo hivyo. Enameli ikiisha haioti tena. Unasugua doa ambalo haliko juu ya jino. Limo ndani yake. Hapo hata ungetumia msasa, lisingetoka.

Nimeielewa barua yako hivi. Una 60,000 zisizotosha mambo mawili. Jambo moja linahusu mdomo wako na siku ya harusi yako, la pili linahusu mdomo wa mtoto na neno ulilompa mama yako. Katikati yamo maneno ya watu wawili, mama na mchumba, ambayo umeyabeba bila kuyauliza. Halafu kuna saluni, inayokutazama kwa jicho la bei nafuu. Kama nimekosea mahali, nisahihishe.

Mimi si daktari wa meno, lakini nimesumbua mmoja wao kwa maswali yako, bila kumwambia wewe ni nani. Nianze na meno yenyewe, maana nahisi hakuna aliyewahi kukaa nawe chini akakueleza ni nini hasa. Bonde la Ufa ni nchi ya volkeno. Maji yanayopita kwenye miamba yake huchukua madini ya floraidi, na visima vingi vya upande wa Nakuru vina zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema kisipitwe. Floraidi kidogo hulinda meno. Ndiyo maana imo katika dawa ya meno. Ikizidi wakati jino la ukubwani linajengeka ndani ya taya, enameli huumbika ikiwa na vishimo vidogo visivyoonekana. Jino linatoka likiwa na madoa ya chokaa, kisha miaka inavyokwenda vile vishimo vinanyonya rangi. Hayo ndiyo meno yako. Hakuna sigara hapo, hakuna uvivu wa mswaki, wala si ugonjwa wa kurithi au wa kuambukiza. Wazungu nao waliupitia: katika mji wa Colorado Springs, Marekani, daktari Frederick McKay aliyefika huko 1901 alikuta wenyeji wana meno ya kahawia, na chanzo, floraidi ya majini, hakikujulikana mpaka 1931. Miaka thelathini ya kuulizana hawa watu hula nini. Kwa hiyo mgeni wako wa sigara ana wenzake wa zamani, ingawa hilo halimpunguzii utovu wa adabu.

Sasa bondingi. Umewahi kumtazama fundi wa baiskeli akiziba pancha? Habandiki kiraka juu ya mpira laini. Kwanza anausugua kwa msasa ukwaruzike, ndipo apake solusheni, kisha kiraka. Kazi ya meno ni hiyo hiyo. Daktari hupaka jeli ya asidi kwa sekunde chache, jino linapata ukwaruzo mdogo mno. Anaosha, anakausha, anapaka gundi, halafu anaweka kompoziti, ule udongo wenye rangi ya jino, tabaka kwa tabaka, kila tabaka analimulika kwa taa ya buluu ligande. Njia hiyo ya asidi ilitolewa 1955 na Mmarekani Michael Buonocore, aliyeona viwandani chuma kikipakwa asidi ili rangi ishike. Mara nyingi haihitaji sindano ya ganzi, na jino halipunguzwi sana. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa, kwamba ukijuta unaweza kuiondoa na jino lako likabaki karibu kama lilivyokuwa. Vinia, zile ganda za kauri wanazoweka wasanii, mara nyingi hudai jino lichongwe kwanza, na jino lililochongwa limechongwa.

Lakini kuna mambo ambayo sijui kama uliambiwa, au uliambiwa kioo kikiwa mkononi nawe ukawa husikii. Nisingekulaumu.

La kwanza, enameli iliyoguswa na floraidi haishiki gundi kirahisi kama enameli ya kawaida, na kahawia iliyokolea hupenya tabaka jembamba la kompoziti ikaonekana kwa chini kama ukuta mchafu uliopakwa rangi koti moja. Daktari mzuri analijua hilo. Muulize atalifanyia nini. Muulize pia kama kabla ya bondingi anaweza kulikwangua tabaka la juu kidogo kwa dawa maalumu. Kuna meno ya floraidi ambayo hupungua rangi kwa njia hiyo peke yake, hasa kama doa haliko ndani sana. Na muulize swali ambalo wateja wengi huona aibu kuliuliza: je, lazima yawe sita? Wewe mwenyewe umesema yanayokuumiza ni mawili ya mbele, moja likiwa limemeguka. Mawili kwa bei yake ni 18,000. Pengine atakuambia mawili meupe katikati ya manne yenye chokaa yatapiga kelele zaidi kuliko sasa, na pengine atakuwa anasema kweli. Pengine pia atasema rangi inaweza kuchaguliwa ifanane na majirani. Sikuambii ufanye mawili. Nakuambia hesabu ya 54,000 haijajadiliwa.

La pili ndilo zito. Bondingi si mali ya kudumu. Hukaa miaka kadhaa, kwa wengi mitano hivi, wengine wakafika kumi kwa utunzaji. Chai, kahawa na mchuzi wa manjano huipaka rangi taratibu, na dawa za kung'arisha meno haziifanyi kitu. Hupasuka kingo. Wewe unaishi nchi ya miwa, mwanangu. Kutoka hapo ulipo hadi Muhoroni ni miwa mitupu, na muwa haumenywi kwa magego. Mahindi ya kuchoma vile vile, na kufungua chupa ya soda kwa meno usithubutu. Kwa hiyo unaponunua 54,000 za leo, unanunua na ukarabati wa kesho. Je, mfuko wako wa 2030 umeuona? Hiyo si sababu ya kuacha. Watu husuka nywele kila mwezi na hakuna anayewaita wapumbavu. Ila usiingie ukidhani gharama zinaisha mwaka huu.

Kuhusu saluni nitasema kwa ufupi kwa sababu hapa sina pande mbili. Asidi, gundi na taa si vifaa vya mchezo. Asiyejifunza anaweza kufunika jino lililooza, akaacha kompoziti imebanwa kwenye fizi ikavimba, au akachonga enameli yako ili kazi ishike. Na sura ikiharibika, kuiondoa ni gharama ya daktari yule yule uliyemkimbia. Baraza linalosajili madaktari na madaktari wa meno nchini lina rejista unayoweza kuiangalia mtandaoni kwa jina. Mtafute kijana huyo humo kabla hujafungua mdomo. Kama bei ndiyo inayokusukuma, ulizia kitengo cha meno cha hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga hapo Kisumu, au shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, ulinganishe. Nauli ya Eldoret si kitu mbele ya fizi.

Sasa twende Njoro.

Umeweka tangi upande mmoja wa mizani na meno yako upande wa pili, na katikati umemsimamisha mtoto. Nataka tuitazame hiyo mizani polepole, kwa sababu naona kuna vitu viwili umevifunga pamoja. Ahadi kwa mama ni tangi la lita 5,000. Haja ya mtoto ni maji yasiyo na floraidi nyingi ya kunywa, ya uji na ya kupikia chakula chake. Mtoto wa miaka mitatu hahitaji lita 5,000 kwa hilo. Lita tano kwa siku zinamtosha na kubaki. Hiyo ni mitungi miwili ya lita 20 kwa siku nane. Pipa la lita 200 chini ya kona ya bati, likifunikwa vizuri, lingemlinda zaidi ya mwezi. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha kinga. Ya kisima iendelee kufua, kuoga na kunywesha ng'ombe. Na kuna vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ambavyo Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilianza kuvitengeneza kwa ajili ya tatizo hili hili. Mwombe mama akaulizie, lakini mjue mifupa hiyo huchoka na lazima ibadilishwe, isije ikawa pambo la jikoni.

Mama yako pengine huchemsha maji kwa bidii sana. Mwambie kwa upole kwamba kuchemsha kunaua vijidudu, na aendelee, lakini floraidi haitoki. Maji yakipungua sufuriani yenyewe inabaki, ikawa nzito zaidi. Magadi ya kulainishia maharagwe nayo huibeba, na majani ya chai yana ya kwake. Kama mtoto anapewa chai nzito ya maji ya kisima asubuhi na jioni, hapo kuna pa kuanzia ambapo hapagharimu shilingi.

Je, basi tangi linaweza kungoja? Mimi mwenyewe niliposoma nilidhani hivyo, kisha nikakumbuka mvua. Mvua za vuli zikipita Desemba, Januari na Februari kwa kawaida ni kavu. Pipa litakauka. Tangi lililowekwa mapema Novemba lingekuwa na akiba. Lililowekwa baada ya harusi lingekaa tupu likingoja Machi. Na enameli ya meno ya mbele ya ukubwani, kwa mtoto wa rika lake, bado inajengwa. Humalizika anapokaribia miaka mitano, na ya magego huendelea hadi kama minane. Miezi minane aliyokaa huko haimaanishi meno yameshaharibika. Miaka yake ya kwanza alikunywa maji ya Kisumu, na maji ya Ziwa Victoria hayana floraidi ya kutisha. Meno meupe unayoyaona sasa ni ya utotoni, hayakupi habari za yale yanayokuja. Kwa hiyo usijitese kwa yaliyopita, ila usijifariji kwa weupe huo.

Kuna njia ya tatu ambayo barua yako imepita kando yake haraka haraka: mtoto kurudi kwako. Baada ya Desemba mtakuwa wawili nyumbani. Hukuniambia mchumba anasemaje kuhusu kuishi na mtoto, na mtu anapoacha jambo kubwa hivyo nje ya barua ndefu hivyo, mimi huuliza. Labda mmeshapanga. Labda unangoja harusi ipite. Akirudi, swali la maji ya kisima linapungua sana, lakini linakuja swali la zamu zako za usiku na nani atalala naye, na mama yako atabaki na nyumba isiyo na kelele za mtoto. Tena tangi lingemfaa hata akiwa peke yake: floraidi nyingi kwa miaka mingi haichagui meno tu, hugusa mifupa pia.

Nije kwa mama. "Maji hayo ndiyo yaliyokulea." Umelisikia kama karipio. Mimi ni mzazi, na nilipolisoma nilisikia mtu aliyebeba ndoo mgongoni kilomita kadhaa, miaka, halafu siku moja anaambiwa na mwanawe kwamba ndoo hiyo ndiyo iliyomharibu. Sisemi ndivyo alivyomaanisha. Sikuwepo, sikuuona uso wake. Lakini kama kuna ukweli kidogo hapo, basi hata ukipeleka tangi kesho, kitu hicho kitabaki kati yenu. Na kama utaamua kuchelewesha tangi, kumwambia "pesa hazikutosha" kutamuumiza kwa namna moja, na kumwambia "Mama, nataka kutengeneza meno yangu kabla ya harusi" kutamuumiza au kutamfurahisha kwa namna nyingine. Huwezi kujua ukiwa Kisumu. Wapo akina mama ambao wangeuza kondoo wao kwa hilo.

Mchumba sasa. Umempa "Wacha hivyo hivyo" tafsiri tatu, zote mbaya. Mbona hukuiweka ya nne, kwamba hataki mke wake afutwe kwa kompyuta? Au ya tano, kwamba alikuwa na njaa na mpiga picha alikuwa anachelewesha? Wanaume wengine, mwanangu, maneno matatu ni maneno matatu. Amekujua kwa mbali na kwa karibu. Sidhani mkono wako umemficha meno yako hata wiki moja. Mpango wa kumwambia "nilisafishwa" ndio unaonitia wasiwasi kuliko gharama. Siku kipande kitakapovunjika kwenye mfupa wa samaki ngege, mbele yake, mezani, utakuwa na mambo mawili ya kueleza badala ya moja. Kwa upande mwingine, mdomo ni wako, na si kila kitu cha mwili wa mwanamke kinapelekwa kwenye kikao. Kumweleza si kumwomba ruhusa. Unaweza kumwambia siku unayokwenda, mlangoni, mkoba ukiwa begani.

Na kwa kuwa unaolewa Seme, mtafute bibi mkongwe wa ukoo huo umtazame anavyocheka. Wajaluo wengi wa rika lao waling'olewa meno sita ya mbele ya chini wakiwa vijana, kwa kupenda na kwa fahari, na aliyebaki nayo ndiye aliyechekwa. Nilikaa na mmoja wao matangani mwaka uliopita. Alikuwa anacheka mdomo wazi, pengo lote nje, akiniuliza mbona mimi naogopa nzi. Sikuletei hili ili uyapende meno yako kwa nguvu. Mtu aliyeulizwa habari za sigara kazini haponyeshwi na hadithi za kale, na kutaka kucheka bila kujificha siku ya harusi si upuuzi wala si wizi. Nimelileta kwa sababu utaingia nyumba ambamo mdomo una historia yake, na huenda hofu uliyoibeba kutoka kwenye dawati la mapokezi haiko huko kabisa.

Umesema jambo la kiganja pengine halihusiani. Mimi nilipolifikia niliiweka barua mezani nikaenda kuteka maji ya kunywa. Mtoto hakuliona doa, maana hana. Ameona mkono. Ukifanyiwa bondingi, mkono unaweza kushuka wenyewe siku ile ile; wapo waliosimulia hivyo. Wapo pia ambao meno yamekuwa meupe na mkono umeendelea kupanda miaka, kwa mazoea, daktari asijue afanye nini tena. Hujui utakuwa yupi. Unaweza kujaribu kabla ya kulipa: Jumapili hii ukipiga simu, usiishike. Iegemeze kwenye kikombe, mikono yote miwili iwe na kazi nyingine, mchambue maharagwe pamoja na mama, yeye huko wewe huku, na paka akipita apite.

Kisha niandikie Novemba kabla chama hakijakaa. Niambie daktari alisema nini kuhusu mawili au sita, mama alisema nini ulipomwuliza kuhusu maji, na yale maneno matatu yalikuwa na maana gani. Hilo la mwisho nakiri nalitaka kwa udaku wangu mwenyewe.

Mama Mshauri